Damu Kwenye Shati la Seif

Haya, sogea nikutegee kimoja kabla chai haijapoa. Haji kwako mpaka uwe huwezi tena kumfungulia mlango. Anakuona mwili mzima, hata pale ambapo wewe mwenyewe hujawahi kupaona. Akitoka hana la kusema. Ni nani huyo?

Fikiri. Daktari siye, maana daktari anaandika. Wala si mwizi, maana mwizi huwasimulia wenzake. Umeshindwa? Basi nipe mji. Johannesburg? Ungenipa hata wenye joto kidogo, lakini nimeupokea. Jibu ni mwosha maiti. Na katika Johannesburg yako hiyo, mtaa wa Malvern, aliishi mmoja, Bi Shufaa binti Seif, mama wa Kiunguja wa miaka sabini na mbili, na yaliyomkuta ndiyo haya.

Jumatatu moja ya Agosti, mwaka 2018, alifariki mama mmoja wa Tanga aliyekuwa akikaa Bertrams. Bi Shufaa hakungoja kupigiwa simu. Alifunga mkoba wake wa kazi, kafuri, pamba, glovu, sabuni na udi, akamwambia mwanawe Luqman ampitishe msikitini kabla ya kufungua duka. Kulikuwa na ule upepo wa Agosti unaopenya mpaka kwenye meno.

Mlangoni pa chumba cha kuoshea alisimama Bi Tabia, mkubwa wa waosha wanawake, mikono ameikunja kifuani.

"Maji yamechemka, Tabia?"

"Yamechemka." Hakusogea. "Leo pumzika, dada. Tumeshatimia."

"Mmetimia wangapi?"

"Watatu."

"Na mimi wa nne. Nani atamshika kichwa? Wewe mgongo unakusumbua tangu Ramadhani, hata kuinuka kwenye mkeka unataka winchi."

Ndani mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Tabia hakucheka. Alitazama viatu vya Bi Shufaa.

"Wenye maiti wamesema, dada. Wameiona ile picha kwenye simu. Wanasema mtoto wa mtu aliyenyongwa kwa kuua asimguse mama yao."

"Mikono hii?" Bi Shufaa aliinyoosha yote miwili. "Mama yako mzazi nani alimwosha, Tabia?"

"Wewe."

"Basi."

Alichokiona mgongoni mwa mama yake Tabia siku ile, alama za mkanda za miaka mingi, hakumwambia Tabia mwenyewe wala kiumbe mwingine. Ndiyo kazi ilivyo. Ukiosha unafunika, na ukishafunika umefunika. Alifungua mkoba, akatoa kafuri.

"Mpakeni hii. Yenu naijua, ni ile ya dukani ya kufukuzia mende."

Akarudi kwa miguu, maana Luqman alikuwa ameshaondoka na gari. Pale kwenye robot, taa za barabarani za Jules Street, alisimama taa ikawa ya kijani, ikawa nyekundu, ikawa ya kijani tena, na yeye yupo palepale na mkoba wake.

*

Ile picha ilikuwa ya baba yake. Seif bin Haji, baharia wa Unguja, alinyongwa mwaka 1951 katika mji mmoja wa bandari huko Wales, Uingereza, kwa kosa la kumuua mzee mwenye duka la kukopesha kwa rehani, jina lake Prosser. Bi Shufaa alikuwa na miaka mitano. Sasa, miaka sitini na saba baadaye, walikuwepo mawakili huko waliokuwa wakifukua kesi za watu walionyongwa zamani, kuona nani alionewa. Kwenye sanduku la vielelezo walilikuta shati la Seif, limekunjwa na lina damu. Gazeti la huko likaandika, likaweka na picha ya Seif, likawauliza wasomaji wake, ati alikuwa na hatia au hakuwa nayo? Kijana mmoja wa Jules Street anayejua Kiingereza akairusha picha hiyo kwenye kundi la simu la chama cha mazishi. Habari ya kuwa huenda alionewa hakuirusha. Ilikuwa ndefu.

Bi Shufaa alipofika nyumbani, mkwewe Arlène alikuwa akisuka mteja sebuleni. Arlène ni Mkongomani wa Lubumbashi, na sebule yao mchana ni saluni. Mjukuu, Tumu, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi na simu sikioni.

"Bibi, njoo upesi. Ni yule wakili, Bi Peake. Namweka kwenye spika."

"Mbele ya mgeni?"

"Mimi sijui Kiswahili," alisema mteja kwa Kiswahili, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima. Arlène akamvuta msuko.

Sauti ya wakili ilitoka kwenye simu, ya upole na ya haraka. Tumu alifasiri, akitafuta maneno, maana Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake, shuleni ni Kiingereza na barabarani ni Kizulu.

"Anaomba radhi kwa gazeti. Si yeye aliyewapa."

"Mwambie gazeti limeshafika. Limenitangulia msikitini."

"Anasema wameshapima. Damu ya shatini ni ya mwanamume. Na wamelinganisha na yale mate yako uliyotuma Juni. Si damu ya baba yako mwenyewe."

"Hilo nalijua."

Tumu aliinua macho kidogo, akaendelea. "Sasa huyo mzee Prosser ana mtoto wa kaka yake, yuko hai. Wamemwomba mate walinganishe. Amekataa. Anasema aliyenyongwa alistahili, wamwache baba yake mdogo alale. Kwa hiyo hakuna wa kulinganisha naye. Anasema faili inafungwa Ijumaa hii, mwisho wa mwezi. Ikifungwa imefungwa, Bibi. Isipokuwa tuwaambie damu ni ya nani, na tuwape ndugu wa huyo mtu apimwe."

Kitana cha Arlène kilisimama.

"Anasoma maneno ya mahakamani," Tumu alisema, na sauti yake ilishuka. "Babu aliulizwa, damu hii ni ya nani? Akasema, si yangu, wala si ya yule mzee. Akaulizwa tena, ya nani basi? Wameandika, mshitakiwa hakujibu. Akaulizwa mara ya tatu. Hakujibu." Alimgeukia bibi yake. "Bi Peake anauliza, wewe unajua?"

Bi Shufaa alivua mtandio, akaukunja, akaukunja tena mpaka ukawa mdogo kama kitambaa cha pua.

"Mwambie nitafikiri."

"Eish, Bibi. Hakuuliza kama utafikiri. Ameuliza kama unajua."

"Nimesema nitafikiri."

Luqman aliingia wakati huohuo, amerudi kuchukua funguo alizosahau, akasikia maneno ya mwisho. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano, muuza mapazia, mpole dukani na mkali nyumbani.

"Msimsumbue Mama. Angejua si angesema? Toka nina akili naitwa mjukuu wa aliyenyongwa. Kwenye mpira naitwa, kwenye madrasa naitwa. Angeacha mtoto wake aitwe hivyo?" Alichukua funguo juu ya friji. "Mimi bahati yangu nina babu mwingine."

Babu huyo mwingine aliitwa Vuai, baba yake baba yake Luqman. Naye alikuwa baharia, rafiki wa Seif wa kulala chumba kimoja, akafia mji uleule, ilisemekana kwa kifua kikuu. Kila mwaka Luqman alimsomea hitma, na biriani ililiwa na mtaa mzima. Seif hajawahi kusomewa katika nyumba ile. Hakuna aliyejua aanzie wapi.

*

Ewe msikilizaji, sitakuficha alilolificha Bi Shufaa, maana ukilijua ndipo utakapoona mzigo wake.

Chini ya mkoba wake wa kazi, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na karatasi moja iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Seif aliiandika gerezani, na baharia mwenzake akaifikisha Unguja mwaka mzima baada ya kunyongwa. Mama yake Bi Shufaa alimsomea siku aliyomfundisha kuosha, chumbani, maji yangali yanachuruzika:

"Mke wangu, mlee Shufaa. Mwana wa Vuai naye mtazame kama wako. Shati lile lina damu ya niliyemwosha usiku ule. Nilimfunga mikono yake yote miwili kabla wenzetu hawajarudi, na daktari akaandika kifua, maana kifua alikuwa nacho. Kizimbani walinipa Msahafu. Kusema uongo nimeushika sikuweza. Kusema ya maiti niliyemwosha mwenyewe sikuweza. Nawe mfunike nilivyomfunika."

Mama akaikunja. "Umeelewa?" Binti akasema ameelewa. Vuai alijikata. Aliugua mpaka akachoka, ugenini, kwenye baridi, akachukua wembe. Na usiku huohuo, mitaa miwili kutoka hapo, mtu mwingine alimuua mzee Prosser dukani mwake, na polisi walipozunguka wakakuta baharia mweusi mwenye damu kwenye mkono wa shati. Huko kwao, kijijini, wakati ule, aliyejiua watu walibishana kama asaliwe au asisaliwe, na mwanawe alionyeshwa kidole. Mwanawe Vuai hakuonyeshwa kidole. Aliyeonyeshwa alikuwa Shufaa. Na alipokua, mama yake akamwoza kwa mwana huyohuyo wa Vuai, Duni, mtu mwema, aliyekufa akiamini baba yake alikufa kwa kifua.

Basi unaona. Mababu wote wawili wa Luqman wamo ndani ya shati moja. Ukimsafisha mmoja unamfunua mwingine.

Lakini lililomkosesha Bi Shufaa usingizi wiki ile halikuwa hilo peke yake. Lilikuwa jingine, dogo, lenye meno. Je, kama baba aliandika hivyo tu? Mtu anayekwenda kunyongwa, ana mke na mtoto, hawezi kuandika la kuwafariji? Akitaja jina la Vuai, watachukua mate, watapima. Na ikirudi kwamba si ya Vuai? Hapo atakuwa amemtangaza baba mkwe wake kwa bure, na baba yake atakuwa ndiye muuaji kweli, na yeye ndiye aliyemnyonga mara ya pili. Akinyamaza, baba yake atabaki vile alivyo, nusu ana hatia na nusu hana. Miaka yote ameishi na nusu hiyo. Ameizoea kama meno ya bandia.

*

Jumatano alimkuta Arlène jikoni akitwanga majani ya muhogo. Bi Shufaa alikaa kwenye kigoda, akaanza kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba avimenye.

"Kisamvu hicho unakitwanga kama una ugomvi nacho."

"Ni sombe, Mama. Kisamvu ni ile yenu, ya kuweka nazi mingi mupaka majani inazama." Arlène aliendelea kutwanga, kisha akaacha. "Mama, minakuuliza. Juu ya nini hausemi?"

"Nani kakwambia ninajua?"

"Weye. Ulisema 'nitafikiri'. Mutu asiyejua anasema 'sijui'."

Bi Shufaa alifuta machozi ya vitunguu. Alimpenda mkwewe huyu, ingawa alikuja na msalaba shingoni na bado anao.

"Haya, wewe msusi. Mtu akiketi mbele yako, ukamfunua kichwa, ukakuta kovu. Ukakuta upara ameuficha mumewe asiuone. Unamwambia nani?"

"Hakuna. Ningesema ya vichwa vya Jules hii yote, ndoa ngapi zingebaki?"

"Ndiyo hivyo."

"Ngoja, Mama, sijamaliza." Arlène aliegemea meza. "Kulikuwa mwanamke moja kule Bertrams, Thérèse. Alikuwa na alama hapa, nyuma ya sikio, ya kuchomwa. Ya zamani, ya vita, kule kwetu mashariki. Hakutaka mutu ajue, hata bwana yake hakujua imetoka wapi. Siku moja wakapigana, mara majirani wakaita polisi, polisi wakaona alama, wakasema ni bwana ndiye amemuchoma. Wakamufunga. Thérèse akanyamaza, haya ilimushika. Mimi niliijua ile alama miaka tatu."

"Ukafanyaje?"

"Nilienda nikasema."

"Ukamfedhehesha mwenzio."

"Alinikasirikia mwaka muzima. Akaenda kusukwa kwa mwingine, tena anasuka vibaya ule." Arlène alitabasamu kidogo, halafu uso ukarudi. "Lakini bwana wakamufungua, alilala kwake, Mama. Kufunika mutu ni muzuri. Minajua. Lakini Thérèse alikuwa anafunikwa na mutu mwingine muzima, amelazwa juu yake kama blanketi."

Bi Shufaa alishika kisu tena. Alimenya kitunguu mpaka hakikubaki kitu, akatazama mikono yake mitupu akashangaa.

*

Alhamisi Luqman alifunga duka mapema. Aliingia, akakaa na koti lake, hakuvua hata viatu.

"Kuna nini?" aliuliza Arlène.

"Hakuna."

"Hakuna gani hiyo ya kukaa na viatu juu ya zulia?"

Akasema. Mteja wa siku nyingi, Emery, fundi cherehani, alikuja kununua kitambaa. Luqman alipochukua mkasi kukata, Emery akainua mikono juu akapiga kelele, "Polepole, mujukuu ya Seif! Shingo yangu ni moja!" Duka zima likacheka. Wateja, mlinzi, hata msichana wake wa kaunta. Na yeye Luqman akacheka pia.

"Nilicheka, Mama. Unanisikia? Nilisimama na mkasi wangu nikacheka nao, kwa sababu ningefanya nini? Ule mkasi mkononi, ningekasirika ingekuwaje?"

"Emery mjinga," alisema Tumu.

"Emery si mjinga, Emery ana watu wa kuchekesha." Alivua koti hatimaye. "Kesho tunakwenda kuapa hati ya kiapo polisi, Bi Peake ameiomba kabla faili haijafungwa. Tumu, pale wanapouliza damu ya nani, andika 'hajui'. Gongeni muhuri, itumwe, faili ifungwe, watu wasahau. Watu husahau. Mpaka Krismasi watakuwa na mwingine wa kumcheka."

"Lakini Baba, kama kuna namna ya..."

"Hakuna namna! Angekuwa hana hatia angesema. Mtu anaulizwa mara tatu anaacha kujibu, ana nini?" Alijutia papo hapo, akashusha sauti. "Samahani, Mama. Ni baba yako. Lakini wallahi, kila nikiandika jina langu kwenye fomu, Luqman Duni Vuai, namshukuru Mungu kuwa linaishia kwa Vuai."

Bi Shufaa alifungua kinywa. Alimtazama mwanawe, lile paji la uso pana ambalo Duni alikuwa nalo, na ambalo watu wa zamani walisema ni la Vuai.

"Luqman."

"Naam, Mama."

"Kula kwanza. Chakula kinapoa."

*

Ijumaa asubuhi kituo cha polisi kilikuwa kimejaa. Huko Afrika Kusini hati ya kiapo hugongwa muhuri kaunta ya polisi, bure, kwa hiyo foleni ni ya watu wa kila aina. Huyu amepoteza kitambulisho, yule anataka nakala za vyeti, mwingine ameibiwa simu na analia. Kwa mgeni, foleni ile ina woga wake. Kibali cha Luqman cha kuishi nchini kilikuwa kikisubiriwa mwaka wa pili, na alishika karatasi ya kuthibitisha hilo ndani ya mfuko, akiipapasa kila askari alipopita.

"Tutoke hapa upesi," alinong'ona. "Tukimaliza tu, upesi."

Tumu alikuwa na fomu. Alikuwa ameijaza yote kwa Kiingereza kwa mwandiko wake wa shule: jina la bibi, jina la babu, mwaka, kwamba mate yale ya Juni ni yake kweli. Zamu yao ilipofika, askari wa kike mnene, mwenye sweta juu ya sare, aliivuta karatasi.

"Sawubona, Gogo," alimsalimu kwa Kizulu, yaani hujambo bibi. "Umekuja na jeshi lote?"

"Yebo," alisema Bi Shufaa, yaani ndiyo, mojawapo ya maneno yake matano ya Kizulu.

Askari alisoma. Alisoma polepole kuliko walivyotegemea, akaacha kutafuna chingamu yake. Alisema kitu kwa Kiingereza, Tumu akafasiri bila kuinua uso.

"Anasema hawezi kugonga muhuri. Kuna mstari mtupu."

Luqman alinyakua karatasi. "Nilikwambia andika hajui!"

"Bibi hakusema hajui," alisema Tumu. Alimtazama baba yake usoni. "Mimi ndiye nafasiri, Baba. Siwezi kufasiri kitu ambacho hakusema."

Nyuma yao mtu alisonya. Mwingine akasema kwa sauti wageni wanamaliza siku ya watu. Luqman aligeuka, akageuka tena, jasho limemtoka na baridi ile yote. Akatoa kalamu mfukoni.

"Naandika mimi. H-a-j-u-i, tumalize. Kwa Kiingereza ni maneno machache tu."

"Basi, bwana," askari alimzuia kwa kiganja. Alisema tena, taratibu, akimtazama Bi Shufaa tu, na Tumu akafasiri. "Anasema kitakachoandikwa hapa utakiapia, Gogo. Inua mkono wa kulia, useme ni kweli tupu. Kama si kweli, usiinue."

Bi Shufaa alitazama mkono wake wa kulia juu ya kaunta. Ulikuwa na harufu ya vitunguu ya juzi, au alidhania. Akiinua juu ya "hajui" ameapa uongo. Akisema, amemvua mtu sanda. Na mlango wa tatu alikuwa akiujua, mlango wa kunyamaza. Kuna aliyepita hapo kabla yake, baharia wa miaka thelathini, peke yake mbele ya watu wasiomjua, akaulizwa mara tatu. Alipita na hakurudi. Ghafla alimwona, si picha ya simu. Mtu. Kijana kuliko Luqman, mdogo wa kuwa mwanawe, amesimama na mikono yake safi akifikiri kwamba kunyamaza kunatosha.

Na kama watapima na kukuta si kweli? Alishika ukingo wa ubao. Hajui. Hilo ndilo kweli hakulijua. Alikuwa na karatasi moja tu na neno la mtu aliyekufa.

"Mama, huna raha. Kaa chini," alisema Luqman. "Tumu, mletee kiti."

"Sitaki kiti."

"Gogo," alisema askari, na safari hii alijaribu Kiingereza chepesi kabisa, hata Bi Shufaa akakielewa bila mfasiri. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari mtupu. Damu. Ya nani?

Foleni nzima ilikuwa ikitazama. Aliyekuwa akisonya aliacha. Bi Shufaa hakumgeukia askari. Alimgeukia mwanawe, akamshika kiganja chenye kalamu, akakifungua kidole kimoja kimoja, kama anavyovifungua vya maiti anaowaosha, akaichukua kalamu na kumpa Tumu.

"Ni ya Vuai, mwanangu. Babu yako Vuai. Alijikata mwenyewe, mikono yote miwili, na baba yangu akamwosha akanyamaza. Mate wakiyataka, wachukue yako."